Risasi Ndani ya Shina: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kutafuta Mabaki ya Vita Kwenye Miti ya Kale

Ukurasa huu ni wa wenye detekta, ile mashine ya kutafutia metali, na wasio nayo, wanaotaka kujua kama kweli mti unaweza kuishi na risasi ndani yake zaidi ya karne, na jinsi ya kuitafuta bila kuua mti, kujilipua au kuishia kituo cha polisi. Mifano mingi ni ya Marekani, kwenye viwanja vya Vita ya Wenyewe kwa Wenyewe ya 1861 hadi 1865, maana huko ndiko shughuli hii ilikozoeleka. Ulaya nayo ina misitu yake iliyojaa chuma. Na kwetu, kuanzia Taveta hadi mkoa wa Lindi, vita ya 1914 hadi 1918 ilipiganwa vichakani, kwenye mibuyu na mashamba ya minazi, kwa hiyo swali hili halituhusu kwa mbali tu.

Je, ni kweli risasi hukaa ndani ya mti miaka mia na zaidi?

Ni kweli. Agosti 2011, wafanyakazi wa hifadhi ya uwanja wa vita wa Gettysburg, Pennsylvania, walikuwa wakikata vipande mwaloni ulioanguka kwenye kilima kiitwacho Culp's Hill. Msumeno ukakutana na risasi mbili. Mapigano ya Gettysburg yalikuwa tarehe 1 hadi 3 Julai 1863. Risasi hizo zilikaa ndani ya mti miaka 148, watalii wakipita chini yake.

Mfano wa pili unatisha zaidi. Tarehe 12 Mei 1864, huko Spotsylvania, Virginia, majeshi mawili yalipigana mvuani tangu alfajiri mpaka usiku mkubwa, yakitenganishwa na ukuta wa magogo na udongo. Karibu na ukuta huo palikuwa na mwaloni wenye kipenyo cha kama sm 56. Uliangushwa na risasi za bunduki peke yake, zikiutafuna shina kidogo kidogo mpaka ukakatika. Kisiki chake kimehifadhiwa Washington, katika makumbusho ya taifa ya historia ya Marekani, na risasi zinaonekana zimekwama kwenye nyuzi za mbao zilizochanika.

Ufaransa kuna msitu wa Delville, karibu na kijiji cha Longueval. Julai 1916 brigedi ya Afrika Kusini iliambiwa iushike kwa gharama yoyote. Mizinga iliusaga msitu mzima, na katika miti ya zamani ulinusurika mmoja tu. Bado uko hai leo, na shina lake lina vipande vya chuma.

Mti hufanya nini unapopigwa risasi?

Hapa ndipo penye kiini cha kila kitu, kwa hiyo tukae kidogo.

Mti hunenepa kwa nje. Chini ya gome kuna utando mwembamba ulio hai, nao kila msimu hujenga tabaka jipya la mbao juu ya lile la zamani. Mbao ya ndani haisogei tena. Risasi ikiingia sm 5, inabaki pale pale ilipokomea, na mti unaendelea kujijenga juu yake. Kwanza kovu linajikunja kuzunguka tundu, kisha midomo ya kovu inakutana, baada ya miaka kadhaa gome linafunga, na mtu akipita haoni kitu.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui: jeraha la mti haliponi kama la mnyama. Mtaalamu wa misitu wa Marekani, Alex Shigo, ndiye aliyelieleza jambo hili vizuri zaidi katika nusu ya pili ya karne ya 20. Mti hauwezi kukarabati mbao iliyoharibika. Unachofanya ni kuizungushia kuta, sehemu iliyoumia itengwe na uozo usisambae, halafu unaendelea na maisha nje ya kuta hizo. Kila risasi ndani ya mti imekaa katika chumba chake kilichofungwa. Ukitoboa shina kuifuata, unavunja kuta ambazo mti ulizijenga miaka mingi.

Sasa piga hesabu. Mti ukiongeza mm 2 tu za mbao kwa mwaka upande mmoja, baada ya miaka 150 risasi iliyokuwa karibu na gome itakuwa imefunikwa na sm 30 za mbao. Detekta nyingi haziwezi kusikia risasi moja kwa kina hicho. Ndiyo maana mti mnene, mrefu na wa kuvutia mara nyingi haukupi kitu, wakati mti uliodumaa juu ya kilima chenye mawe, ule ambao hakuna anayeutazama mara mbili, ndio unaolia.

Mti ukirefuka, risasi nayo hupanda?

Hapana. Mti hurefuka kwenye ncha za matawi tu. Risasi iliyoingia usawa wa kifua mwaka 1863 iko usawa wa kifua leo, isipokuwa kama udongo wa chini umemomonyoka au umejazwa kifusi. Usishangae kukuta nyingi ziko juu ya kichwa cha mtu, kwa sababu askari aliyetishika hupiga juu, na makamanda wa vita zote wamelalamikia tabia hiyo.

Nitajuaje kama mti ulikuwapo wakati wa vita?

Usiamini unene. Mti wa miaka 60 kwenye bonde lenye maji unaweza kuushinda unene mti wa miaka 200 ulioko mlimani.

Kwenye nchi zenye baridi kali, pete za mwaka zinahesabika. Wataalamu hutumia keekee nyembamba yenye uwazi katikati, wanatoa kijiti cha mbao kutoka gomeni hadi kwenye kiini, kisha wanahesabu. Huko Gettysburg kuna msaada mwingine: wapigapicha walifika siku chache tu baada ya mapigano, na picha zao zinaonyesha mawe na miti kwa undani kiasi kwamba watafiti wameweza kusimama mahali palepale na kulinganisha. Miti iliyothibitishwa namna hiyo huitwa miti shahidi.

Kwetu mambo ni magumu zaidi. Miti mingi ya ukanda wa joto haifuati mwaka kwa utaratibu. Mwaka wa mvua mbili unaweza kuleta pete mbili, na mwaka wa ukame usilete yoyote iliyo wazi. Mbuyu ndio usiseme. Ndani yake ni laini na umejaa maji, mara nyingi una pango katikati, na mzunguko wake hupungua au kuongezeka kutegemea ukame. Umri wa mbuyu mkubwa hupimwa kwa kaboni kwenye maabara. Lakini mibuyu huishi karne nyingi, kwa hiyo mbuyu mkubwa ulioko kando ya reli ya Voi hadi Taveta karibu hakika ulikuwapo askari walipopita.

Na matundu ninayoyaona kwenye gome la mbuyu, si ya risasi?

Mara nyingi si ya risasi. Warina asali hupigilia vigingi vya miti shinani ili wapande, na vigingi vikioza hubaki matundu yaliyopangika kama ngazi. Tembo nao huchimba gome kwa meno wakitafuta maji na nyuzi, hasa huko Tsavo. Tundu la risasi la miaka mia, kwenye mti ulio hai, kwa kawaida halionekani tena kama tundu. Ni kovu au kitovu kidogo.

Nitumie detekta ya aina gani?

Detekta ya kawaida ya kutafutia sarafu inatosha, ili mradi ina uwezo wa kutofautisha aina za metali na inakubali koili ndogo, yaani kile kichwa cha mviringo kinachopitishwa juu ya unachopima, ya kama sm 12 hadi 15. Koili kubwa husikia mbali zaidi lakini haikuelezi kitu kiko wapi, na kwenye shina la mviringo nusu yake inapima hewa. Ongeza na kile kigunduzi kidogo cha mkono, kinachofanana na karoti. Hicho husoma sm chache tu lakini kwa usahihi.

Mashine kubwa za kutafutia dhahabu, kama zile zinazotumika Geita na Chunya, ni za gharama na zinasikia mbali sana, lakini nyingi hazijui kutofautisha msumari na kitu cha maana. Kwenye mti wenye misumari zitakuchosha masikio.

Mti una faida moja juu ya ardhi: mbao haina madini. Udongo mwekundu wa Tsavo umejaa chembechembe za chuma, na detekta hulialia humo bila sababu. Kwenye shina inatulia. Kwa hiyo rekebisha mashine ukiwa umeinua koili hewani, mbali na udongo, halafu ongeza usikivu kuliko ambavyo ungethubutu ukipima chini. Mbao mbichi iliyolowa mvua inaweza kupunguza utulivu kidogo, subiri ikauke.

Napimaje shina, hatua kwa hatua?

Vua pete, saa ya chuma na mkanda wenye bako, na usivae viatu vyenye chuma mbele. Inaonekana jambo dogo mpaka utakapofuatilia mlio kwa nusu saa na kugundua ni buti lako. Angalia chini ya mti kwanza, kwa sababu vizibo vya soda na waya wa uzio karibu na mizizi hutia kelele.

Kisha amua upande. Hili ndilo wengi wanaruka. Kabla ya kuwasha mashine, jua nani alikuwa wapi. Culp's Hill ni darasa zuri: wanajeshi wa Muungano, yaani wa Kaskazini, walikuwa juu nyuma ya ngome za magogo, wale wa Kusini wakipanda kutoka chini upande wa mashariki. Risasi za wapandaji zilipiga miti kutoka chini kwenda juu, na zile za walinzi kutoka juu kwenda chini. Mti mmoja unaweza kuwa na zote, kila moja upande wake. Miti ya kilima kile ilipigwa sana hivi kwamba mingi ilikufa katika miaka iliyofuata.

Ukishajua upande, anza chini, pandisha koili taratibu wima mpaka mkono unapofika, sogea nusu ya upana wa koili, shuka. Koili iguse gome au ikaribie kugusa, kwa umbali uleule muda wote. Magome yenye mikunjo hufanya mkono upande na kushuka, na mlio hubadilika kwa sababu hiyo tu. Zungusha shina zima hata kama una uhakika na upande. Weka alama kwa chaki pale panapolia. Usitumie kisu, rangi wala pini.

Baada ya hapo rudia kila alama kwa kigunduzi cha mkono. Kikilia, kitu kiko karibu na gome, na uwezekano mkubwa ni kipya. Kikinyamaza wakati detekta kubwa inalia, kitu kiko ndani zaidi, na hapo ndipo moyo unaweza kuanza kwenda mbio. Pima tena kutoka pande tatu za shina: mlio ukiwa na nguvu upande mmoja, hafifu ubavuni na ukipotea nyuma, una picha ya kitu kilipo. Mlio unaoendelea kwa urefu kama mstari ni waya.

Imelia. Ni risasi?

Kwa kawaida ni msumari. Miti ya kale imetumika kama nguzo kwa vizazi: mabango, uzio wa seng'enge, kamba za kuanikia nguo, mizinga ya nyuki iliyofungwa kwa waya, mitego ya nyaya. Kadiri mti unavyokuwa karibu na barabara au nyumba, ndivyo misumari inavyozidi.

Namba kwenye kioo cha mashine husaidia, lakini lazima ujue unatafuta risasi gani, na hapa wengi wanakosea kwa kufuata maelekezo ya Wamarekani. Risasi ya kawaida ya vita yao, ile ya Minié, ni bonge la madini laini ya risasi lenye kipenyo cha kama mm 14.7. Detekta huisoma katikati ya vipimo, mbali na chuma, kwa hiyo wao huzima chuma kabisa na kusikiliza kilichobaki.

Ukifanya hivyo Taita-Taveta utapoteza nusu ya historia. Askari wengi wa jeshi la Kijerumani walianza vita na bunduki za Mauser za mwaka 1871, za mm 11, zilizopiga risasi za madini laini peke yake, zisizovikwa metali nyingine, na kutoa moshi mzito uliowafichua. Hizo husomeka kama za Wamarekani. Lakini risasi za Mauser mpya, za mm 7.92, zilivikwa chuma chembamba chenye mchovyo wa shaba na nikeli. Hizo huvutwa na sumaku na detekta inaziita chuma. Za Waingereza, za mm 7.7, zilivikwa shaba na nikeli bila chuma, kwa hiyo sumaku haizigusi. Kwa maneno mengine, ukizima chuma unabaki na Waingereza peke yao na Mauser za zamani. Vipande vya makombora ni chuma vilevile. Sikiliza kila kitu, halafu chuja kwa akili.

Kwenye mwaloni kuna dalili nyingine: chuma kinapokutana na tanini za mti huo, mbao huwa nyeusi yenye samawati. Doa hilo kwenye gogo lililokatwa ni onyo kwa fundi kwamba chuma kiko jirani. Madini ya risasi hayaleti doa la namna hiyo.

Naitoaje?

Usiitoe, kama mti uko hai.

Najua jibu hili haliwafurahishi watu waliotumia fedha kununua mashine. Lakini fikiria unachopata. Risasi mkononi ni kipande cha madini kilichobonyea, na zipo nyingi sana madukani. Risasi ndani ya mti ina kimo, ina upande, ina pembe ya kuingilia na ina tabaka la mbao linaloonyesha mwaka ilipofika. Ukiichomoa, hayo yote manne yanakwenda na vumbi la keekee, na mti unabakiwa na tundu la kupitishia ukungu na mchwa. Kazi ya detekta kwenye mti ulio hai inaishia kwenye alama ya chaki, picha na daftari.

Na mti ukiwa umeanguka wenyewe?

Hapo ni habari nyingine, mradi una ruhusa ya mwenye ardhi. Pima gogo lote kabla msumeno haujawashwa. Kata mbali na alama, sm 20 hivi kila upande, upate kipande kizima chenye risasi ndani yake, halafu kiache kikauke polepole kivulini miezi mingi, ncha zake zikiwa zimepakwa nta au rangi ili zisipasuke. Kipande hicho kinaweza kupigwa eksirei hospitalini au kwa daktari wa mifugo mwenye moyo wa udadisi, na pete zikahesabiwa bila kuigusa risasi.

Chenso ikigonga risasi laini inapita kama kwenye mbao ngumu kidogo. Ikigonga kipande cha kombora, mnyororo unaweza kukatika na kukurudia. Viwanda vya mbao vya mashariki mwa Ufaransa na magharibi mwa Ujerumani vinalijua hilo. Magogo kutoka maeneo ya Verdun, au msitu wa Hürtgen uliopiganiwa tangu Septemba 1944 hadi Februari 1945, hukaguliwa kwa detekta kabla ya kupasuliwa, na yenye vipande vya chuma huuzwa kwa bei ya chini.

Je, kuna hatari ya mlipuko?

Ipo, na haipungui kwa umri. Mwaka 2008 huko Virginia, mkusanyaji mzoefu aliuawa nyumbani kwake na kombora la Vita ya Wenyewe kwa Wenyewe alilokuwa akilisafisha. Kombora lile lilikuwa na zaidi ya miaka 140.

Risasi iliyokwisha kupigwa haina baruti, haiwezi kulipuka. Lakini mlio mkubwa, mpana kuliko kiganja, ndani ya shina au kwenye mizizi, uchukulie kama kombora mpaka mtaalamu aseme vinginevyo. Usigonge, usichimbe, usiwashe moto karibu. Weka alama kwa mbali, toa taarifa polisi, nao watawaita wataalamu wa mabomu wa jeshi. Vilevile nawa mikono baada ya kushika risasi kuukuu; ile poda nyeupe juu yake ni sumu, na watoto wasiichezee.

Sheria inasemaje?

Marekani, viwanja vingi vikubwa vya vita ni mali ya serikali kuu. Ndani yake kutumia detekta ni kosa, na sheria ya kulinda rasilimali za akiolojia ya 1979 inaweza kukufunga na kukutoza maelfu ya dola kwa kuchukua kitu. Wenye kupenda kazi hii huko hupima mashamba ya watu binafsi kwa ruhusa ya mwenyewe, na ni vizuri ruhusa iwe ya maandishi. Mkiwa huko kutembelea jamaa, msibebe mashine mkaingia nayo hifadhini kwa kudhani ni bustani ya umma.

Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na kuchimba kutafuta vitu vya kale kunahitaji kibali. Kenya ina Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006, inayotaka leseni ya utafiti na taarifa kwa kila kilichogunduliwa. Uwanja ukiwa ndani ya hifadhi ya wanyama, unaongeza sheria za hifadhi na askari wake, ambao ukikutwa na mashine na panga vichakani hawatakuuliza kwanza kuhusu mwaka 1916.

Na jambo la kushtua watu: risasi nzima, yenye ganda na baruti, ni risasi mbele ya sheria hata ikiwa na kutu ya miaka mia. Kuwa nayo bila kibali ni kesi.

Viwanja vya kwetu viko wapi hasa?

Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914, wiki za mwanzo kabisa za vita. Mapigano yaliyofuata yamejipanga kando ya barabara ya Voi hadi Taveta: Maktau, Mbuyuni ambako Waingereza walirudishwa nyuma Julai 1915, Salaita, kisha vilima vya Latema na Reata Machi 1916.

Salaita ndicho cha kukitembelea kwanza. Tarehe 12 Februari 1916 brigedi ya Afrika Kusini, iliyokuwa mpya kabisa Afrika Mashariki, ilikishambulia kilima hicho. Mizinga ilipiga kileleni, lakini mahandaki ya Wajerumani yalikuwa chini, kwenye kitako cha kilima, na askari weusi waliokuwamo ndani yake waliwapokea kwa bunduki na bombomu, yaani bunduki za rashasha. Wazungu wa Afrika Kusini walirudi nyuma, wakifunikwa na Wahindi wa kikosi cha Baluchi. Miezi mitano baadaye wenzao wa brigedi nyingine walikuwa Delville. Kwa mwenye detekta somo ni hili: vipande vya makombora vitafutwe juu, risasi zitafutwe chini na tambarare. Ukipima miti ya kileleni pekee utadhani ilikuwa vita ya mizinga.

Kwenye eneo hilohilo kuna simulizi la mbuyu ambamo mwanamke wa Kijerumani alijificha akidungua Waingereza mmoja mmoja kulipiza kisasi cha mumewe. Waongozaji wageni hulisimulia vizuri. Mimi nalichukua kama hadithi, lakini inafaa ujue ipo, kwa sababu utaonyeshwa mbuyu na utaonyeshwa matundu.

Tanga, Novemba 1914, mapigano yalipita kwenye mashamba ya mipira na minazi, nyuki waliochokozwa wakishambulia pande zote. Lakini Tanga usiweke matumaini kwenye minazi. Mnazi haunenepi kwa kuongeza tabaka. Haufuniki jeraha, tundu hubaki wazi mpaka mti ufe, na minazi michache sana ya 1914 ingali imesimama. Tafuta miembe na mibuyu.

Kusini kuna Mahiwa, Lindi, ambako Oktoba 1917 askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki, na Wanaijeria walipambana na askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kwa siku nne, mapigano makali kuliko yote ya vita ile Afrika Mashariki. Msitu umefyekwa na kuota tena sehemu nyingi.

Kuna watu ambao detekta haitakuonyesha kamwe. Wapagazi waliokufa kwa njaa na kuhara katika vita hii walikuwa makumi ya maelfu, wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Walibeba mizigo kichwani na hawakuacha chuma kwenye miti.

Nimeona kipande cha mbao chenye risasi kinauzwa mtandaoni. Ni halisi?

Tazama nyuzi za mbao. Kwenye kipande halisi cha mti ulioendelea kuishi, nyuzi zinapinda kuizunguka risasi na upande wa nje kuna pete zilizofunga juu yake. Kwenye kilichoghushiwa, risasi imepigiliwa au imepigwa kwenye mbao kavu: nyuzi zimevunjika zikaelekea ndani, tundu liko wazi, na mara nyingi kuna gundi au rangi ya kuficha. Mti uliokufa palepale vitani, kama ule wa Spotsylvania, hauna kovu lolote, kwa hiyo kukosa kovu si ushahidi wa moja kwa moja wa ughushi. Kunatakiwa basi kuwe na historia ya kipande chenyewe, na muuzaji asipokuwa nayo, acha.

Nikipata mlio wa maana, niandike nini?

Mahali kwa namba za GPS, aina ya mti kwa jina la wenyeji pia, mzunguko wa shina usawa wa kifua, kimo cha mlio kutoka ardhini, upande kwa dira, namba za kioo kutoka pande tatu, na kama kigunduzi cha mkono kilisikia au la. Piga picha ukiwa umeweka rula kando ya alama. Muulize mwenye shamba, na kama yupo mzee wa hapo muulize yeye zaidi, kama kuna mtu aliyewahi kupigilia kitu kwenye mti huo. Jibu hilo linaweza kufuta kazi ya asubuhi nzima. Miti kumi iliyoandikwa namna hii kwenye mstari mmoja inaweza kuonyesha handaki lilikuwa wapi hata kama limefukiwa. Nakala ipeleke makumbusho ya taifa au ofisi ya mambo ya kale iliyo karibu nawe, na usiweke namba za GPS hadharani, maana wapo watakaokwenda na keekee.